Shun, Mwongo na Nguru wa Qurayyat

Wajapani hulitumia neno shun kutaja kilele cha chakula, yaani kile kipindi kifupi ambacho samaki, tunda au mboga hutimiza utamu wake, nao hulitenga na hashiri, ambayo Mswahili angeiita malimbuko, na nagori, ambayo ni mabaki ya msimu unaoaga. Lenye uzito zaidi ni kwamba herufi ileile inayoandikiwa shun, ikisomwa jun, humaanisha siku kumi, theluthi ya mwezi; kwa hiyo kilele hapa hakipimwi kwa kimo, bali huhesabiwa kama zamu.

Kiswahili kina kilele na upeo, nayo ni maneno ya kimo na mwisho. Ni kwa kipimo cha namna hiyo Qurayyat, mji wa wavuvi ulio kusini-mashariki ya Maskati, ulivyovuma duniani tarehe 26 Juni 2018, siku ambayo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku wala mchana. Kilele hicho, hata kikiandikwa katika rekodi, hakimwambii mvuvi lini atupe nyavu. Linalomwambia ni hesabu ya durur, ambayo mwaka wake huanza Agosti kwa kuchomoza nyota ya Suheli na siku zake hupangwa kumi kumi. Hesabu hiyo si ngeni kwa Waswahili, kwani mwaka wa Nairuzi, ambao kuingia kwake huadhimishwa Makunduchi kila Julai kwa Mwaka Kogwa, una miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na kwa miongo hiyo wakulima walipanda na manahodha wakasafiri.

Nguru, ambaye Waomani humwita kanad, huzuiwa kuvuliwa nchini Oman kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili azaliane, na anayeona kwamba sheria hiyo humnyang'anya mvuvi riziki anakosea, kwa kuwa samaki naye ana shun yake, inayotangulia ile ya mezani.

Siku hizi neno mwongo, umoja wa miongo, limebaki na maana ya miaka kumi tu, na hiyo ni hasara kubwa. Waswahili wa Oman, wanaoishi kati ya hesabu zote mbili, ndio wanaofaa kuirekebisha: waketi na wazee wa pwani, waandike ni mwongo upi nguru hunona na ni upi dagaa husogea ufukoni.