Mbuni na Watu wa Mjini
Aghalabu wakazi wa Bujumbura, hata wale wa mtaa wa Buyenzi ambao wazee wao waliujua mji huu ukiitwa Usumbura, huitambua kahawa ikiwa imekwisha kukaangwa na kutwangwa. Ama mbuni wenyewe, wenye majani mabichi mwaka mzima na maua meupe yanukiayo mithili ya asumini, wamewaachia wakulima wa Kayanza na Ngozi, ambao babu zao walilazimishwa na serikali ya Wabelgiji kuupanda katika miaka ya 1930. Tunda lake jekundu lina nyama nyembamba, tamu, izungukayo kokwa mbili, nasi (labda kwa kiburi cha mjini) twalidharau. Ilhali Wayemeni hulikausha ganda lake, wakalichemsha na tangawizi, wakanywa, desturi ambayo ningetamani ifike Buyenzi.