Bomba Jipya, Injini Iliyoungua: Nani Alipe?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa hapa Changamwe, ambalo wengine watasema si jambo la chama. Mimi nasema ni la chama. Kila kitu kinachotoa shilingi katika mfuko wa mfanya kazi bila haki ni jambo la chama, hata kama anayeitoa si mwajiri.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akifungua bomba la moshi lililokuja na pikipiki yake, akatia jingine la dukani, je, yampasa kurekebisha petroli katika kabureta, au akaze nati aende zake?

Ndugu zangu, msicheke. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT katika pikipiki zisizozidi cc 250, mwaka 2008, pikipiki imekuwa kwetu kama jembe kwa mkulima. Wako wenzetu wa Likoni ambao hushuka ferini na kumalizia safari kwa pikipiki. Wako wa Kisauni wanaovuka daraja la Nyali alfajiri kuwahi zamu. Na wako wengi, wala si siri, ambao zamu ikiisha hubeba abiria mpaka saa nne za usiku kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Pikipiki hizo karibu zote ni za mkopo. Ikifa injini, mkopo haufi.

Sasa nitawaeleza mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwenzetu wa kwanza alinunua bomba jipya katika duka moja, bomba zima tangu kichwani mwa injini mpaka mkiani. Akauliza, "Je, kabureta iguswe?" Mwenye duka akamjibu, "Funga tu, uende." Fundi aliyelifunga, ili sauti itoke vizuri zaidi, akatoboa na kasha la chujio la hewa. Wiki ya kwanza mwenzetu alifurahi sana. Wiki ya pili pikipiki ikawa yapiga mishindo kila akirudisha mkono, na katika mlima wa kutoka Kibarani kuja Changamwe, akiwa na abiria, injini ikawa yasitasita kana kwamba petroli imekwisha. Mwezi haukupita, valvu ya kutolea moshi ikaungua. Aliporudi dukani akaambiwa, "Pikipiki yako ilikuwa mbovu tangu zamani." Akalipa valvu, akalipa fundi, akapoteza mapato ya siku nane, na mwenye mkopo hakumsamehe hata siku moja.

Mwenzetu wa pili alibadili kile kipande cha mwisho tu, yaani sailensa ya nyuma, kwa kingine cha kupachikwa, na chujio lake la hewa hakuligusa. Huyu naye alikutana na fundi wa namna nyingine. Akaambiwa, "Bomba lolote jipya lazima libadilishiwe jeti." Akauziwa jeti kubwa. Tangu siku hiyo pikipiki yanywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji baada ya kiangazi, na plagi ikitolewa ni nyeusi kama chungu cha kuni.

Mmoja aliambiwa usiguse, akaunguza injini. Mwingine aliambiwa lazima uguse, akaunguza pesa. Na wote wawili waliambiwa kwa sauti ya mtu anayejua. Hao ndio ninaowapinga leo: yule anayesema "hapana kamwe" na yule anayesema "lazima siku zote." Wote wawili wanauza, na sisi ndio tunaonunua.

Haya, ukweli ni upi? Injini ni kitu cha kupumua. Yavuta hewa na petroli, yachoma, yatoa moshi. Ili petroli iungue sawasawa, kilo 1 yake yataka karibu kilo 14.7 za hewa. Injini ikiwa katika kazi nzito, yaani mlimani na mzigo, hutaka petroli zaidi kidogo, kilo 1 kwa hewa ya kilo 12 na nusu au 13. Ndipo itoe nguvu zake zote, na ile petroli ya ziada husaidia kuipoza. Hewa ikizidi mno katika kazi hiyo, injini hupata joto baya, husita, na valvu ya moshi ndiyo huumia kwanza. Petroli ikizidi mno, nguvu hupungua, masizi hujaa, na petroli ghafi huosha mafuta katika kuta za silinda mpaka ringi zikalika upesi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kabureta si bomba la maji lenye kumwaga kipimo kile kile siku zote. Hewa ikipita kwa kasi katika koo lake jembamba, ndiyo inayoivuta petroli ipande. Hewa ikiongezeka kidogo, petroli nayo huongezeka kidogo. Kwa hiyo mabadiliko madogo kabureta huyachukua yenyewe. Ndiyo maana sailensa ya nyuma peke yake, iliyotengenezwa kwa pikipiki ile ile na isiyopishana sana na ya kwanza, mara nyingi haihitaji kitu. Yule mwenzetu wa pili aliuziwa jeti ya bure.

Lakini ukibadili bomba zima, moshi wapata njia nyingine, na yale mapigo ya moshi yanayokwenda na kurudi ndani ya bomba hubadilika. Katika mwendo fulani husaidia silinda kujaa, katika mwendo mwingine huizuia. Kabureta haina akili ya kujua hayo. Na ukiongeza kosa la kutoboa kasha la hewa, umeondoa ule mvuto ambao kiwanda kilitumia kupima jeti. Hapo petroli yapungua kweli kweli, na hapo kurekebisha si hiari. Yule mwenzetu wa kwanza hakuuawa na bomba peke yake. Aliuawa na bomba pamoja na tundu, na neno "funga tu, uende."

Sisi watu wa reli hatuna udhuru wa kutoyajua haya. Waulizeni wazee. Zile garimoshi kubwa za mvuke za East African Railways, aina ya 59, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock, zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima. Moja yake, namba 5918, Mount Gelai, ingali katika makumbusho ya reli Nairobi. Katika garimoshi ya mvuke, ule mvuke uliokwisha kufanya kazi katika silinda hupita mdomo mwembamba chini ya dohani, na kwa kutoka kwake ndio huvuta hewa ipite katika moto. Moshi utokao ndio unaowasha moto uliobaki. Reli ilipotia katika garimoshi hizo dohani za Giesl, zilizobuniwa na mhandisi wa Austria ili zimpunguzie pistoni mzigo wa kusukuma mvuke nje, hawakuokota bomba sokoni na kulikaza. Dohani na midomo yake ya mvuke vilipimwa pamoja, kama kitu kimoja. Wazee wetu walijua kwamba ukigusa njia ya kutoka umegusa na moto. Mbona sisi wana wao twadanganywa na mwenye duka?

Kuna neno jingine la uwongo lazima niling'oe. Watu husema, "Injini hupenda kuzuiwa kidogo, ndiyo maana ukitoa sailensa hukosa nguvu." Si kweli. Hakuna injini inayopenda kuzuiwa. Inalopenda ni bomba la upana na urefu unaopatana nayo, moshi uende kwa kasi na mapigo yarudi kwa wakati wake. Ukitia bomba pana mno katika injini ndogo ya cc 150, moshi wapoteza kasi, nawe wapoteza nguvu za mwendo wa chini, ambazo ndizo mbeba abiria azitakazo mlimani. Tena petroli haiko tena katika kipimo. Mtu huona nguvu zimepungua, akadhani injini yalilia kizuizi, kumbe yalilia bomba la saizi yake na kabureta iliyopimwa.

Wako wenye pikipiki za sasa zisizo na kabureta, ambazo petroli hupulizwa kwa kompyuta. Hao husema, "Sisi yetu yajirekebisha." Kwa nusu tu. Ikiwa ina kile kipimo cha oksijeni katika bomba la moshi, kompyuta huweza kusahihisha katika mwendo wa wastani. Lakini mkono ukifunguliwa wote, nyingi huacha kukisikiliza, zikafuata hesabu ya kiwanda, ambayo iliandikwa kwa bomba la kiwanda. Na bomba jipya lisipokuwa na mahali pa kipimo hicho, au likivuja karibu nacho, kompyuta hupata habari za uwongo na kutoa hukumu ya uwongo.

Basi mtu afanye nini? Kwanza, kabla ya kununua jeti yoyote, atazame gasketi ya bomba penye kichwa cha injini. Pakivuja, hewa huingia, na mishindo husikika ukirudisha mkono. Wengi wamebadili jeti kwa kosa la gasketi. Pili, injini ipate moto kwanza, ndipo ijaribiwe katika sehemu tatu, kwa kuwa kabureta ina sehemu tatu. Ikinguruma bila kwenda, skrubu ya mwendo wa chini na jeti ndogo ndizo hutawala. Katika mwendo wa kati ni sindano: ukishusha klipu yake pengo moja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Mkono ukiwa wazi wote, ni jeti kubwa. Mtu anayebadili jeti kubwa kwa ugonjwa wa mwendo wa chini ni kama mganga anayefunga bandeji mguuni kwa jino linalouma.

Tatu, badili kitu kimoja tu kwa mara moja, ukiandike. Panda mlima na mzigo wako wa kila siku, zima injini, tazama plagi. Rangi ya udongo wa kahawia ni njema. Nyeupe ya kuungua, petroli ni chache. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nne, usitupe bomba lako la kwanza wala jeti zake. Hizo ndizo ushahidi wako na njia yako ya kurudi nyumbani.

Sasa nasema na vijana wanaotoboa sailensa kwa ajili ya sauti tu. Najua mtanijibu, "Pikipiki ni yangu." Ni yako, kweli, ukimaliza mkopo. Lakini usingizi wa Mikindani si wako. Mwenzako aliyetoka zamu ya usiku amelala saa tatu asubuhi, nawe wapita dirishani pake na ngurumo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zakukataza, lakini mimi sikutishi kwa askari. Nakuuliza kwa udugu: mwajiri akimnyima mfanya kazi mapumziko twamwita mnyonyaji, je, nawe tukuiteje? Na mabomba haya mengi hayana ile kinga ya joto ubavuni. Tazameni miguu ya akina mama waliopanda pikipiki kama hizo, mtaona alama za moto. Abiria amelipa nauli, hakulipa kovu.

Kwa hayo yote naleta mbele ya wanachama mambo matatu, nao wayajadili katika matawi.

La kwanza: mwenye kuuza bomba aandike katika risiti kwamba ni la pikipiki ya namna gani, na kama lataka jeti nyingine, ya namba ngapi. Asiyetaka kuandika, tusinunue kwake, na tuambiane. Wateja wake ni sisi, akikosa sisi atafunga duka.

La pili: fundi alipwe kwa kazi ya kupima, si kwa kipande anachouza. Fundi wetu wa kando ya barabara ni mfanya kazi kama sisi. Tukimpa faida katika jeti tu, atauza jeti hata isipotakiwa. Tukimlipa kwa saa yake moja ya kujaribu, atasema kweli, hata kama kweli yenyewe ni "haitaki kitu." Sisi tunaodai malipo ya haki kwa saa zetu tusimnyime yeye ya kwake.

La tatu: wako kati yetu mafundi waliofunzwa karakanani, wanaojua injini kubwa kuliko nyumba. Wakubali kukaa na wenzao Jumamosi moja katika mwezi, na kabureta moja mezani, wafundishe bila malipo. Elimu ya kazi ni mali yetu, tusiikubali ifungwe kabatini mwa mwenye duka.

Mtu akiniuliza tena, bomba jipya lataka kurekebishwa petroli? nitamjibu: umebadili nini, na plagi yasemaje? Asiyeweza kuyajibu hayo mawili asikuuzie kitu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Changamwe