Eti "Mapenzi ya Miungu"

Nimechoka na neno hili. Kila nikifungua kitabu cha chapa za enzi ya Baroko, zile picha zilizochorwa kwenye bamba la shaba kisha zikapigwa wino na kutolewa kwenye karatasi, nakuta visa vya miungu ya Wagiriki na Warumi vimetiwa kapu moja: "mapenzi ya miungu". Mapenzi gani, jamani?

Itazame chapa ya Rembrandt ya mwaka 1659, Jupiter na Antiope. Mwanamke amelala fofofo, kichwa kimeangukia nyuma, mkono umepita juu ya kichwa. Mungu mkuu, kajigeuza satiri mwenye ndevu, nusu mtu nusu mbuzi, anamwinamia na kuifunua shuka polepole, asije akamwamsha. (Mpangilio huo Rembrandt aliuchukua kwa Mwitaliano Annibale Carracci, aliyeuchora kwenye shaba mwaka 1592.) Picha yenyewe naipenda, na sitaki ifichwe. Haidanganyi hata kidogo. Anayedanganya ni mwandishi wa maelezo yaliyo chini yake.

Nami sijitoi. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika "uhusiano" mahali ambapo binti alikuwa amekataa. Lilionekana neno la heshima. Heshima ya nani, sikujiuliza.

Basi utaambiwa: usilete mambo ya leo kwenye sanaa ya kale. Ya leo? Fungua kitabu cha sita cha Metamorphoses ya Ovid, ambamo Antiope huyuhuyu anatajwa. Yumo ndani ya nguo aliyofuma Arachne, pamoja na Europa, Leda na wengine, kila mmoja na mungu aliyemjia kwa umbo la uongo. Na Ovid mwenyewe, miaka elfu mbili iliyopita, anaiita kazi ile makosa ya miungu. Makosa, si mapenzi! Minerva anaikagua nguo, haoni kasoro ya ufumaji, basi anaichana na kumpiga Arachne kichwani kwa kifaa cha kufumia, kisha anamgeuza buibui. Jupiter haguswi. Aliyeadhibiwa ni aliyetoa taarifa.

Kwa hiyo wachapishaji wa vitabu hivi wasituambie wanalinda mila ya kale. Sioni ugumu wa kuandika chini ya picha kile kinachoonekana: Jupiter anamfunua Antiope aliyelala.