Kazi tatu, mkopo hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu sisi tusio na mwajiri mmoja. Asubuhi nafundisha fizikia kwa vipindi katika shule ya binafsi, mchana natengeneza majokofu, na jioni naandika vitabu vya hesabu vya wenye maduka wawili. Benki imeninyima mkopo ati sina barua ya mwajiri, na fedha zangu zote zinapita humo humo!

Sheria ya mwaka 2018 iliipa NSSF sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, nami nachangia kila mwezi bila kukosa. Ikiwa michango hiyo yatosha kunipatia pensheni uzeeni, kwa nini taarifa yake isikubaliwe kuwa ushahidi wa kipato? Wahusika watueleze.

Fundi Majokofu,
Morogoro.