Mimba Haitoki kwa Sababu Ulitembea

Jirani yangu mmoja hapa Tabata alikuwa akipita mbele ya geti letu kila siku saa 12 na nusu asubuhi. Mimba ya miezi mitano, raba miguuni, dera kalifunga fundo ubavuni lisimtege, chupa ya maji mkononi. Anakwenda hadi kituo cha daladala, anageuza, anarudi. Nusu saa, basi. Jumanne moja mama mmoja aliyekuwa akisubiri vitumbua pale kona alimtazama kuanzia tumboni hadi miguuni, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Wewe binti, hiyo mimba utaimwaga njiani. Kwenu hakuna watu wazima?" Watu wakaguna kukubali. Yule dada akatabasamu, akasema "ahsante mama," akapita.

Jumatano sikumwona. Alhamisi pia.

Aliyesema simlaumu sana, alisema alichofundishwa. Kilichonikera ni ile miguno. Foleni ya watu kumi na kitu, wamo waliosoma, wamo waliozaa watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: ni nani aliyekwambia kwamba mimba humwagwa kwa kutembea?

Imani hii ninaifahamu tangu utotoni. Mwanamke akishashika mimba atulie kama yai kwenye trei. Asiiname, asipande ngazi, asitoke jasho. Kila anayemwona amesimama anamletea kiti. Wenyewe tunaita kumjali. Mimi naita kumdhuru, na sitalainisha neno hilo, kwa sababu nimeona kinachotokea kwa mwanamke aliyekalishwa hivyo.

Mimba ya kwanza ya mdogo wangu ilitoka ikiwa na wiki tisa. Siku chache kabla, umeme ulikatika kazini kwao, lifti ikasimama, akapanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne. Ukoo mzima ukawa umepata jibu: ngazi. Hakuna aliyemtukana. Walisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Pole mwanangu, lakini na wewe zile ngazi..." Mwaka mzima alikuwa akizihesabu. Aliwahi kuniambia zilikuwa sabini na mbili.

Ukweli ambao mtu angepaswa kumwambia siku ile ile ni huu. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu kijusi hakikuumbika sawasawa: kromosomu zimezidi au zimepungua. Kosa hilo hutokea tangu yai na mbegu vinapokutana, kabla mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Hakuna ngazi inayolileta, na hakuna kitanda kinacholiponya. Tena katika wiki hizo mfuko wa uzazi bado umo ndani kabisa ya nyonga, mfupa umeuzunguka, na mtoto anaelea kwenye maji yake. Watafiti wa Canada waliochambua kwa pamoja tafiti nyingi za mazoezi na ujauzito hawakuona kwamba wanawake wanaofanya mazoezi mimba zao zinatoka zaidi ya wasiofanya.

Mdogo wangu aliposhika mimba ya pili, alipelekwa kwa mama. Godoro likaletwa sebuleni asipate shida ya kupanda kitanda. Chakula kilimfuata, maji ya kuoga yalimfuata, runinga ikageuzwa imwelekee. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Siku moja nilipokwenda kumwona, mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba peke yake. Shangazi alisema ni kawaida, wajawazito huvimba miguu. Huvimba, kweli, lakini kwa kawaida yote miwili. Nilibonyeza nyuma ya ugoko, akapiga yowe. Ngozi ilikuwa ya moto na inang'aa.

Hospitali walimpima kwa utrasaundi wakaona damu imeganda kwenye mshipa wa paja. Daktari alitueleza kwa subira kubwa. Damu ya mjamzito ina tabia ya kuganda upesi kuliko ya mtu mwingine, maumbile yameipanga hivyo ili siku ya kujifungua mama asivuje akaisha. Mfuko wa uzazi unapokua unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Kinachoisukuma damu hiyo irudi juu ni misuli ya miguu, kila unapopiga hatua. Ukimlaza mtu miezi minne, umeizima pampu hiyo. Bonge la damu likichomoka pale na kwenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa njiani kabla ya kufika hospitali. Mdogo wangu alichomwa sindano ya kuzuia damu isigande kila siku, nyingine akijichoma mwenyewe tumboni, hadi wiki sita baada ya kujifungua.

Mtoto alizaliwa salama. Na unajua ukoo ulisema nini? "Unaona, alitulia ndiyo maana mtoto kapatikana." Ndivyo imani hii inavyojilinda. Mimba ikitoka, alitembea. Mimba ikikaa, alikaa. Mguu ambao nusura umuue hauhesabiwi popote.

Watu huniambia, lakini hata madaktari huwaambia watu wapumzike. Ni kweli, na madaktari nao waliwahi kuwa na hofu hii. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilitoa mwongozo uliotaka mapigo ya moyo wa mjamzito anayefanya mazoezi yasivuke 140 kwa dakika. Mwaka 1994 wakakiondoa kiwango hicho, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa kukisimamisha. Leo chama hicho hicho hakishauri kumlaza mjamzito kitandani kama njia ya kuzuia mtoto asizaliwe kabla ya wakati, kwa sababu kumlaza hakujaonekana kusaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanya: nusu saa, siku tano. Ndicho hasa alichokuwa akikifanya yule dada hadi foleni ya vitumbua ilipompa ushauri.

Na faida yake si ya urembo. Watafiti hao wa Canada waliona kwamba mazoezi yanapunguza kwa karibu asilimia 40 uwezekano wa mama kupata kisukari cha mimba, na vivyo hivyo presha ya ujauzito na ile hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba sina haja ya kumweleza msomaji wa nchi hizi ni nini. Kila mtaa una kaburi lake. Kama kingekuwa kidonge kinachopunguza hatari hiyo kwa kiwango hicho, tungekipanga foleni alfajiri. Kwa kuwa ni kutembea, tunamkemea anayekimeza.

Halafu mwezi wa tisa unaingia, na wale wale waliomkalisha wanageuka: "Tembea, tembea, mtoto ashuke." Mwili ulionyimwa hata ngazi kwa miezi minane sasa unatakiwa uzunguke kiwanja mara kumi kwa siku. Kama kutembea kunamwaga mimba, mbona mnamtembeza? Na kama kunamwandaa kujifungua, mbona mlimchelewesha?

Upande mwingine wa imani hii ndio unaoniuma zaidi. Mwanamke huyo huyo akiwa kijijini, hakuna anayemletea kiti. Anapalilia juani, anabeba ndoo ya lita 20 kichwani, maana yake kilo 20 juu ya uti wa mgongo ambao tayari umepinda kwa uzito wa tumbo, na tunasema "wao wamezoea." Ukizungumzia mazoezi, mtu anakujibu kwamba kazi za nyumbani zinatosha. Hapana. Mazoezi ni yale ambayo mama ameyachagua, ambayo anaweza kuyaacha akichoka, na ambayo baada yake anakula, anakunywa maji na kupumzika. Ndoo ya maji haikubali kuachwa nusu njia. Kumkalisha wa mjini na kumbebesha wa kijijini ni kosa moja: katika hali zote mbili hakuna aliyemuuliza mwenye mwili anajisikiaje.

Sisemi kila mjamzito avae raba kesho. Wapo wanaotakiwa kutulia. Ambaye kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia na mimba imeshakua, aliyeshonwa shingo ya kizazi, ambaye chupa imepasuka kabla ya wakati, aliyekwisha kuonekana na dalili za kifafa cha mimba, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, anayetokwa damu isiyokata. Hao wasikilize daktari wao. Lakini ona kwamba kila kimoja kati ya hivyo kinajulikana kwa kupimwa, si kwa kutazamwa tumbo kwenye foleni.

Kwa wengine wote kipimo ni rahisi: unapotembea uweze kuongea, ila usiweze kuimba. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Kwa joto letu la Dar toka alfajiri au jioni, na maji yawe mkononi. Kuogelea ni kuzuri sana kwa mwenye nafasi, maji yanabeba tumbo. Acha michezo ya kugongana na ya kuanguka, acha kupanda bodaboda ukajiambia nayo ni mazoezi, na mimba ikishafika katikati usilale chali muda mrefu, kwa sababu tumbo linaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukiona damu, maji yanachuruzika, kifua kinabana, kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, au mguu mmoja umevimba na unauma, acha hapo hapo uende hospitali. Usiulize jirani kwanza.

Wiki ya pili nilikwenda kumgongea yule dada. Kumbe mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Singida, na habari za foleni ya vitumbua zilikuwa zimemfikia. Alinikaribisha mkekani. Nikamwamkia, nikakaa, tukazungumza mambo ya mvua na bei ya alizeti, kisha nikamweleza habari za mdogo wangu na mguu wake. Alisikiliza bila kunikatiza. Mkwewe alikuwa mlangoni, ameshika kitasa.

Nilipomaliza, mama yule aliinamisha kichwa, akaanza kunyoosha pindo la kanga yake kwa vidole, akilikunja na kulikunjua.

"Mwanangu," alisema, "mimi wa kwanza alinitoka. Alikuwa na miezi miwili. Nilikuwa nimekwenda kisimani."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ni kisima.

"Mama mkwe wangu. Na mume wangu. Na mimi mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana huyu nimemkataza. Sitaki baadaye mtu amwambie hivyo."

Nilimweleza yale ambayo hakuna aliyemweleza mdogo wangu, kwamba mimba changa namna ile, mara nyingi, inakuwa haikuumbika vizuri tangu siku ya kwanza, na kisima hakiifikii. Aliniuliza nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Hata kama ndoo ilikuwa imejaa?" Nikamwambia ndoo ile mtu mwingine angepaswa kumbebea, hilo ni kweli na ni deni la wengine, lakini yeye hakumuua mtoto wake. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, hakutaka kunitazama.

Ijumaa walikwenda kliniki wote wawili. Nesi aliangalia kadi, akapima presha, akapima damu, akauliza kama kuna maumivu au kutokwa damu, akamwambia atembee.

Jumamosi saa 12 na nusu nilikuwa nafagia mbele ya geti. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mbele, kanga mbili, ndala za bluu, anakwenda kwa hatua za mtu aliyezoea njia ndefu. Mkwewe nyuma yake na raba, anamwomba apunguze mwendo. Pale kona foleni ilikuwa ile ile. Mtu akaanza kusema kitu. Mama akasimama, akageuka na kumtazama hadi akanyamaza, kisha akamshika mkwewe mkono wakavuka barabara kuelekea kituoni.