Mita Mbili za Nani?

Kila msimu wa kusi ukikaza, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo: upepo mkali na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 kwa pwani ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, pamoja na Unguja na Pemba. Redio inasoma, WhatsApp inasambaza, maisha yanaendelea. Swali langu kwa wasomi wenzangu ni dogo tu: hizo mita 2 ni za wimbi lipi?

Wengi tukisikia "yanayofikia mita 2" tunaelewa kwamba hakuna wimbi litakalopita hapo. Sivyo. Kipimo kinachotumika katika utabiri wa bahari duniani ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Chukua mawimbi tisa: mita 0.6, 0.8, 1.0, 1.0, 1.2, 1.4, 1.8, 2.0 na 2.2. Wastani wa yote ni mita 1.33. Lakini utabiri unachukua yale matatu ya juu, unapata mita 2. Na hapo tayari lipo moja lililozidi.

Baharini, karibu wimbi moja kati ya saba huzidi kipimo hicho. Mawimbi yakija kila sekunde 5, basi kila baada ya nusu dakika hivi linapita moja kubwa kuliko ulilotangaziwa. Ukikaa majini saa kadhaa, moja linaweza kukaribia mara mbili yake, yaani mita 4. Na nguvu ya wimbi haiendi sawa na kimo: kimo kikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa ngalawa, hiyo si hesabu ya darasani tena.

Kila jamii ya bahari ina rula yake. Wateleza mawimbi wa Hawaii kwa desturi hupima wimbi kwa nyuma, kwa hiyo "futi 6" yao ukiitazama kwa mbele inakaribia futi 12. Wengine hupima kwa mwili: magoti, kiuno, kichwa. Hawagombani, kwa sababu wanaoongea wanajua rula ni ipi. Sisi tumepewa namba bila rula.

Najua kuna atakayesema, "Wavuvi wa Sahare na Kigombe wanaijua bahari, watafundishwa nini na mtoto wa chuo?" Kweli kabisa, na historia iko upande wao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanasayansi Harald Sverdrup na Walter Munk walipotafuta njia ya kutabiri mawimbi kwa ajili ya kushusha majeshi ufukweni, walichagua kipimo hiki kwa sababu kilikaribiana na makadirio ya mabaharia wazoefu. Jicho la nahodha huyapuuza mawimbi madogo. Basi nahodha si tatizo. Tatizo ni abiria anayevuka kwenda Pemba, kijana aliyenunua mashine juzi, na mwalimu anayesoma tangazo bila kuweza kulieleza.

Hapo ndipo sisi wa ualimu tunapoingia. Tunakwenda mazoezi ya kufundisha Mkinga, Pangani, Muheza, halafu tunafundisha wastani kwa alama za mtihani za wanafunzi wa kubuni. Kwa nini? Mtoto wa pwani anaweza kufundishwa kwamba chombo kikiwa bondeni, na kilele cha wimbi kikaficha upeo wa macho, basi wimbi hilo ni refu kuliko kimo cha jicho lake kutoka majini. Hapo kuna hisabati, jiografia na uhai wa baba yake kwa pamoja.

Na Mamlaka nayo isituache. Angalizo liongezewe sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida: "Baadhi ya mawimbi yanaweza kukaribia mara mbili ya kimo hiki." Iandikwe pia kwenye ubao pale diko na soko la samaki la Deep Sea, kwa herufi kubwa. Haihitaji bajeti wala semina, jamani. Chaki tunayo.