Ada ya jimu Syokimau: Tunanunua siha au tunanunua kadi?

Kila Januari inapoingia, kuta na milingoti ya Syokimau hupambwa kwa mabango ya kumbi za mazoezi, au jimu kama tulivyozoea kuziita. Aghalabu bango huwa na kijana aliyetuna misuli, nambari ya simu, na ahadi kwamba atakayelipia mwaka mzima kwa mkupuo mmoja atapunguziwa ada. Mkazi wa hapa, ambaye ndio kwanza amemaliza kulipa karo ya muhula, husimama akajiuliza iwapo fedha kidogo zilizosalia hazina kazi nyingine bora kuliko hiyo. Huenda swali hilo likaonekana dogo mno kwa ukurasa uliozoea kujadili siasa na bajeti ya taifa. Mimi naliona kuwa swali la uchumi hasa, tena uchumi wa nyumbani, ambao ndio unaowakosesha watu usingizi.

Tuzingatie hali ya anayeuliza. Tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa mshahara nchini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na kuna asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kabla hatujataja kodi ya mapato na mchango wa NSSF. Kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye nyumba au benki, nauli, karo na wazazi walioko mashambani. Wakati huohuo mwili nao una madai yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliohusisha watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulibaini kuwa asilimia 27 ya Wakenya walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikaribia watu wanne katika kila kumi. Takriban robo ya waliopimwa walikuwa na shinikizo la damu. Kwa hivyo, anayeikwepa ada ya jimu kwa kuogopa gharama huenda akaja kulipa zaidi dirishani mwa hospitali. Na anayelipa ada asiende, huyo atalipa kote kuwili.

Kazi yangu ni lugha, na msomaji ataniwia radhi nikianzia huko, kwa sababu naamini kwamba sehemu ya matatizo yetu imejificha katika neno lenyewe. Mtu akitoa fedha jimu huambiwa kuwa amekuwa mwanachama. Sote tunajua chama ni nini. Mwanachama wa chama ana sauti na kura, anamjua mweka hazina, hutozwa faini akichelewa, na akikosekana vikao viwili hupigiwa simu kuulizwa kulikoni. Katika jimu, mwanachama hana hata moja kati ya hayo. Ni mteja aliyenunua ruhusa ya kupita mlangoni, na asipopita hakuna amuulizaye. La hasha, si kwamba wenye jimu ni watu wabaya! Ni kwamba biashara yao imejengwa juu ya watu wasiofika. Ukumbi wenye mashine kumi za kukimbilia hauwezi kuwapokea wote waliolipa iwapo wote watatokea saa kumi na mbili jioni. Waliobaki nyumbani ndio wanaoifanya ada iwe nafuu kwa wanaokwenda.

Kuna na neno jingine, mazoezi. Zoezi limetokana na kitenzi kuzoea. Waliolitumia neno hilo kwanza walielewa kwamba mwili haujengwi kwa tendo moja kubwa bali kwa jambo dogo linalorudiwa hadi likawa kawaida. Ruhusa ya kupita mlangoni huuzwa, lakini mazoea hayana duka.

Jambo hili limepimwa kwa takwimu. Mwaka 2006, wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wateja 7,752 wa jimu tatu nchini Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Wale waliochagua kulipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda, kwa wastani, mara 4.3 kwa mwezi. Ukigawanya, kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali jimu hizohizo ziliuza tikiti ya mara kumi kwa dola 10 kila mara. Watu hao hawakuwa wajinga wa hesabu. Walijiona wao wa kesho kuwa hodari zaidi kuliko wao wa leo, wakalipa kwa niaba ya yule wa kesho.

Kwetu hali inatofautiana kidogo. Huko Marekani hasara kubwa hutokana na ada inayojilipa yenyewe kila mwezi kutoka benki hadi mteja atakapoamka na kuikatiza. Huku, ambapo wengi hulipa kwa M-Pesa kwa mkono wao wenyewe, mtego uko katika ile punguzo ya mwaka mzima. Tuchukue mfano wa kubuni: jimu inayotoza shilingi 400 kwa siku, 4,000 kwa mwezi na 40,000 kwa mwaka. Anayelipa kwa mwezi hana budi kwenda mara kumi ili asizidiwe na anayelipa kwa siku. Akienda mara nne, kila jasho lake limemgharimu shilingi 1,000. Anayelipa mwaka amejiokolea shilingi 8,000 iwapo atadumu miezi yote 12. Akikoma mwishoni mwa Machi, kama ilivyo desturi ya wengi, amelipa 40,000 kwa kitu ambacho angekipata kwa 12,000. Ukiiangalia vizuri, punguzo hiyo ni dau ambalo mteja ameweka juu ya tabia yake mwenyewe, na jimu ndiyo iliyo upande wa pili wa dau.

Isitoshe, kulipa kwa mkupuo huua hata ule uchungu unaomsukuma mtu atoke nyumbani. John Gourville na Dilip Soman walionyesha mwaka 1998 kwamba mahudhurio katika ukumbi wa mazoezi hupanda mara tu baada ya malipo, kisha hushuka taratibu kadiri kumbukumbu ya malipo inavyofifia, na kupanda tena malipo mengine yafikapo. Kwa maana hiyo, anayelipa kila mwezi hukumbushwa mara 12, na anayelipa mwaka hukumbushwa mara moja. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba alipe kwa siku kwa miezi miwili, aandike kila siku aliyokwenda katika kalenda ya ukutani, kisha aziache tarakimu hizo ziamue badala ya matumaini.

Hata hivyo, ada si gharama kubwa kuliko zote hapa Syokimau. Gharama kubwa ni saa. Mji huu umekua kwa sababu ya njia: kituo cha reli kilichofunguliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, stesheni kuu ya reli ya SGR iliyoanza kazi mwaka 2017, na Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Jina lenyewe ni la nabii wa kike wa Wakamba ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alitabiri ujio wa nyoka mrefu atakayekata nchi, nao watu wakaja kumtambua nyoka huyo kuwa ni garimoshi. Sijasikia popote kwamba alitabiri tungeketi humo na kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa hadi migongo ikakauka. Anayeondoka kwake kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia hana uvivu, kama anavyojisingizia. Ana upungufu wa saa. Ndiyo maana jimu ya kifahari iliyoko katikati ya Nairobi, hata ikiwa nafuu, haimfai mkazi wa hapa ambaye akitoka kazini anawazia garimoshi tu. Inayofaa ni ile iliyo kwenye njia ambayo miguu yake hupita kila siku, baina ya kituo na lango la mtaa wake. Na kabla ya kulipa popote, asome vizuri ankara ya huduma za mtaa anakoishi. Baadhi ya mitaa yenye malango ina chumba cha mazoezi ambacho wakazi hukilipia kila mwezi bila kukanyaga ndani.

Wapo watakaosema kwamba barabara ni ya bure, basi mtu akimbie. Hoja hiyo ni nzuri kwa aliye na mahali pa kukimbilia. Kandokando ya Barabara ya Mombasa kuna malori na vumbi. Ndani ya mitaa, mvua ikinyesha, udongo mweusi hushika viatu kama gundi, na njia za waenda kwa miguu ni za kutafuta kwa tochi. Bustani ya umma ambayo kaunti yetu hujivunia, ile ya Machakos iliyojengwa enzi za Gavana Alfred Mutua, iko mjini Machakos, safari ambayo hakuna atakayeifunga kabla ya kwenda kazini. Mwanamume huenda akajikaza akakimbia saa kumi na moja alfajiri. Mwanamke aliye na saa hiyohiyo moja tu, gizani, hupima kwanza usalama wake, na si haki kumwambia kwamba anaharibu fedha anapochagua ukumbi wenye taa na mlinzi. Kwake ada hiyo ni bei ya njia salama ambayo mamlaka ilipaswa kumjengea. Nashangaa kwamba mijadala yetu ya siha humlaumu mkazi kwa kukosa nia, na ni nadra kumuuliza anayetoza ushuru wa ardhi na leseni za majengo kuhusu mita chache za njia ya lami kati ya kituo cha reli na nyumba za watu.

Kuhusu manufaa yenyewe, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 lilishauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na tena akaze misuli siku mbili au zaidi. Dakika hizo zinaweza kupatikana kwa kutembea. Aliye umbali wa dakika 20 kutoka kituoni, akiacha bodaboda asubuhi na jioni kwa siku tano, amefikisha 200. Hapo jimu haihitajiki kamwe. Sehemu ya misuli ndiyo ngumu zaidi, hasa kwetu tuliovuka miaka 40, ambao nguvu hutupungua tusipoitafuta. Mama zetu waliokuwa wakibeba maji kutoka mtoni hawakuhitaji kufundishwa kunyanyua. Mtungi wa lita 20 ungali na uzito uleule hata leo, ila asiyejua kuunyanyua atauumiza mgongo. Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya jimu: mwalimu anayejua kazi yake, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Jimu isiyo na mwalimu wa namna hiyo ni ghala la vyuma.

Liko jambo la mwisho, ambalo wateja wengi hawalijui. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inatambua haki za mtumiaji. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 nayo ina sehemu inayohusu mikataba ya huduma za kumwendeleza mtu binafsi, ambamo siha imetajwa. Kwa huduma za namna hiyo zinazolipiwa kabla hazijatolewa, sheria hiyo inataka mkataba uwe wa maandishi, usizidi mwaka mmoja, na mteja awe na siku 10 za kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Nimewauliza jirani na wenzangu kadhaa waliolipia mwaka mzima iwapo waliwahi kuonyeshwa karatasi hiyo. Hakuna aliyeiona, walichonacho ni ujumbe wa M-Pesa na kadi ya plastiki. Atakayelipa mwezi huu na aiombe kabla ya kubonyeza namba yake ya siri.